Ujirani wa Usiku Mmoja

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee waliotuachia methali hiyo hawakuwahi kupiga kambi wikendi ya Mashujaa, lakini majirani wa kambini wanaijua vizuri sana, ndiyo maana wote huondoka siku ya pili. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukutwa na jembe. Mtu anafika Jumamosi adhuhuri, anakufukiza moshi, anakunyima usingizi, anamwaga maji ya vyombo mlangoni pako, na Jumapili jioni yuko kwenye foleni ya Mlolongo akirudi Nairobi, hana deni na yeyote.

Nyumbani mambo ni tofauti. Mimi naishi mjini Machakos kwenye ploti, na ploti ni chuo cha adabu. Bomba ni moja. Kamba ya kuanikia nguo ni moja. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na yakija saa tisa usiku, anayekugongea uamke uteke ni jirani. Siku ya msiba, anayepita na daftari la mchango ni jirani yule yule ambaye mwanawe alikupasulia kioo cha dirisha. Kwa hiyo unamvumilia, naye anakuvumilia. Mama wa mlango wa kona hufungulia redio ya injili kabla jogoo hajawika, lakini anaiweka chini. Si kwamba anatuhurumia. Gesi iliwahi kumwishia akipikia wageni chapati, na anakumbuka ni mlango upi aliokimbilia.

Ndiyo maana nasema adabu ya ujirani haitoki moyoni, inatoka kwenye kesho. Utakayemhitaji kesho utampunguzia sauti leo. Kambini hakuna kesho.

Kinachouma zaidi ni kwamba sisi watu wa Machakos utulivu wetu tuliulipia. Mji huu ulikuwa kituo cha utawala wa Waingereza kabla Nairobi haijawa mji. John Ainsworth wa kampuni ya IBEA alikuwa amekwisha kaa hapa tangu 1892 akisuluhisha kesi za ng'ombe. Kisha reli ikaja kutoka Mombasa, ikapitia kule chini kwenye mbuga za Kapiti na Athi, ikatuacha vilimani na kufika Nairobi mwaka 1899. Ofisi nazo zikaifuata reli. Wenzetu wakachukua treni, mishahara na kelele. Sisi tukabaki na milima ya Iveti, muthokoi na usingizi. Ulikuwa mgawanyo wa haki, na hakuna aliyekwenda kortini. Sasa kila wikendi ndefu wanakuja kuutafuta ule usingizi tuliobaki nao, na wanakuja na spika.

Wala kupiga kambi si jambo geni Ukambani. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wakishuka pwani kwa misafara na pembe za ndovu, na mwaka 1849 mfanyabiashara wao mashuhuri, Kivoi wa Kitui, alimpokea mmisionari Johann Ludwig Krapf. Misafara ya kutoka pwani nayo ilipita hapa Machakos, kwa mzee Masaku, kutafuta chakula, wapagazi wengi wakilala mahali pamoja. Naamini kati yao walikuwamo wakoromaji na wapiga domo. Lakini kelele ya msafara ilikuwa na mwenyewe: ngoma ilikuwa ya kiongozi, ikilia watu wanajitwika mizigo, isipolia watu wamelala. Kambi za leo zina ngoma katika kila gari na hazina kiongozi.

Huko Ulaya na Marekani watu husafiri na nyumba za magurudumu zenye kitanda, jiko na choo, wakijipanga kwenye viwanja vilivyochorwa mistari. Sisi tuna Noah, Probox na hema la supamaketi, na mistari hatuna. Jirani anasimama pale ambapo gari lake limechoka.

Kambi ninayoisema iko chini ya miamba ya Lukenya, na jina lake nitaliacha. Lukenya wengi wanaijua kwa kuiona kutoka barabara ya Mombasa, ukishapita viwanda vya saruji vya Athi River: kilima cha mawe ambacho watu wa Mountain Club of Kenya hukikwea kwa kamba huku pimbi wakiwatazama. Usiku upepo wa Kapiti hupanda na baridi ambayo mtu wa Nairobi haamini mpaka imkute na kaptura. Tulifika mapema, mimi, mama watoto na watoto, tukachagua kivuli cha mgunga, tukasimamisha hema na kubandika chai. Chai ile tuliinywa kwa amani tele.

Kisha Nairobi ikaanza kuwasili.

Ilikuja familia yenye watoto na mpira, na mpira wa kambini una kanuni yake: hauchezwi palipo wazi, unachezwa palipo na sufuria za watu. Walikuja mume na mke waliosimamisha hema kwa kugombana, huyu ameshika nguzo ya huku na yule ya kule, na kabla turubai halijakaa sawa tulikuwa tumeshajua mama mkwe alisema nini Krismasi. Alikuja kijana wa simu, aliyezunguka kambi nzima akitafuta mtandao na kuupata mbele ya hema letu kila mara. "Unanisikia? Na sasa je?" Sisi tulimsikia. Walikuja watu wa ushirika mmoja wa kanisa, wapole kweli kweli, wakatuarifu kwa heshima kwamba watakuwa na mkesha mfupi. Mkesha mfupi bado haujazaliwa nchini Kenya.

Kwenye kona ya mbali kulikuwa na lori kuukuu lililogeuzwa nyumba, lenye ngazi ya mlangoni na tangi la maji mgongoni, na ndani yake mzee wa Kijerumani na mkewe wakielekea Cape Town polepole. Walikuwa wameichagua kona hiyo kwa sababu ilikuwa ya mbali. Kufikia jioni ilikuwa katikati.

Hema lina ulaghai wake. Aliye ndani akishavuta zipu anaamini amejenga ukuta wa mawe. Anazungumza yale ambayo nyumbani angefunga kwanza mlango, dirisha na pazia. Tulijua nani anadaiwa na chama, nani hataki kurudi kwa bwana wake, na nani aliyebeba soseji za kila mtu akazisahau kwenye friji Donholm. Hatukuuliza. Kitambaa kilituambia.

Majirani zetu hasa walifika magharibi na Noah nyeusi. Uwanja ulikuwa na nafasi nyingine, lakini dereva alitazama huku na huku, akaona hema letu, akafurahi. Alirudi nyuma mpaka buti ikatutazama, akaifungua, na ndani ya buti hakukuwa na mizigo. Kulikuwa na wufa. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliitafutia milango. Vijana wakashuka, wakatusalimu vizuri, wakawapa watoto wangu biskuti, wakaanza kutundika turubai lao. Kamba za turubai zilikuwa nyingi kuliko miti. Iliyobaki bila mti mmoja wao aliivuta, akaizungusha kwenye bampa ya gari letu na kupiga fundo la kisawasawa.

"Ni ya kushikilia tu, mkubwa," akaniambia.

Kwa hiyo, tangu magharibi hiyo, gari langu lilikuwa nguzo ya nyumba ya watu.

Halafu ikaja taa. Walining'iniza balbu kali kwenye buti, wakaichomeka kwenye betri ya gari, nayo ikamulika nyama yao, mgunga wetu, na hema letu mpaka mshono wa mwisho. Ndani tungeweza kusoma magazeti. Mama watoto ni mtu wa Changamwe, na mtu wa Mombasa hasafiri bila leso. Akatoa yake, aliyoinunua Biashara Street, akaitandaza juu ya kamba upande wa Noah ili itukinge na mwanga. Kazi hiyo leso iliifanya vizuri. Hakuna aliyekumbuka kwamba leso ina jina, na kwamba jina limeelekea kwa majirani.

Sasa nieleze namna watu waungwana wanavyolalamika katika nchi hii, kwa sababu hatulalamiki kwa mdomo. Hatua ya kwanza ni kikohozi. Si kikohozi cha ugonjwa. Ni kile kikavu, chenye nukta mwishoni. Mama watoto alikohoa. Wufa ikaendelea. Hatua ya pili ni kumsemesha mtoto maneno ya mkubwa: "Lala mwanangu, lala tu, hata kama wengine hawataki ulale!" Mtoto, ambaye alikuwa amekwisha lala, akaamka na kuuliza ni akina nani hao wasiotaka. Hatua ya tatu ni kutoka nje kwa tochi na kuukagua uzima wa gari lako, ukipiga mlango kidogo kuliko unavyotaka na kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Nilikagua. Wakanipungia mkono.

Hatua ya nne ni mlinzi.

"Mkubwa," mlinzi alisema baada ya kunisikiliza kwa makini, "wale wamelipa."

"Hata mimi nimelipa."

Akalifikiria hilo. "Basi mko sawa," akasema, na kunitakia usiku mwema.

Langoni lilikuwapo bango kubwa la mbao lenye kanuni za kambi, na kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna kelele baada ya saa nne usiku. Nililitafuta ili nimwonyeshe. Majirani zetu walikuwa wamelitundikia taulo.

Sheria ya nchi ipo pia. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zile zinazosimamiwa na NEMA, zinasema usiku huanza saa mbili na dakika moja na kuisha saa kumi na mbili asubuhi, na katika muda huo kelele ya maeneo ya makazi isizidi desibeli 35. Hiyo ni sauti ya mtu anayenong'ona, au anayezidisha kidogo tu. Kwa kipimo hicho zipu ya hema letu pekee ingetosha kunifikisha mahakama ya Machakos, na kikohozi cha mke wangu kingehesabiwa kosa la kurudia. Kuhusu Noah nyeusi, sidhani kama kipimo kingekubali kukaribia.

Mlango wa lori ukafunguka. Mzee wa Kijerumani akashuka ngazi yake taratibu, amevaa makubazi na soksi, akaja moja kwa moja kwangu. Alikuwa ameniona nikizunguka na tochi na kuniteua ofisa. Kwa Kiingereza chake cha pole akaniuliza ni nani mkuu wa mahali hapa. Nikamwambia mkuu yuko Nairobi. Akaniuliza, je, mimi nazungumza lugha ya wale vijana? Nikasema naizungumza. Akanishika bega. Hivyo ndivyo nilivyopata ubalozi.

Balozi huenda na hotuba. Nilijiandalia yangu njiani: fupi, yenye heshima, yenye watoto wadogo ndani yake. Lakini kwetu huwezi kumfikia mtu usiku ukaanza na shida. Unaanza na habari. Habari zenu. Nzuri mkubwa, karibu. Wakanipa kiti, na ukishakalia kiti cha mtu umeshapoteza nusu ya kesi. Wakanipa sahani ya mbavu za mbuzi na kachumbari, na hapo nusu ya pili ikaenda. Mwenye Noah, jamaa mnene mwenye cheko la karibu, akaniuliza mimi ni wa wapi.

"Machakos hapa hapa."

"Acha! Mama yangu ni wa Kangundo!"

Tukazungumza kuhusu Kangundo. Tukazungumza kuhusu bei ya mbuzi Kangundo. Kwa ajili yangu wakabadilisha muziki, wakaweka Kakai Kilonzo, kwa heshima ya wenyeji, na kwa heshima wakaongeza sauti. Kakai Kilonzo ni wetu. Bendi yake ya Kilimambogo Brothers ilichukua jina la mlima ulio upande wa pili wa kaunti hii, na benga yake mchana sina neno nayo. Nikatikisa kichwa kufuata gitaa. Hotuba ilikuwa bado mfukoni nilipoagana nao.

"Umewaambia?" mama watoto akauliza gizani.

"Tumeelewana."

"Mmeelewana nini?"

"Kwamba mama yake ni wa Kangundo."

Akanipa mgongo. Akageuka tena, akaomba ubavu.

Tulilala macho, tukipanga mahali pengine pa kwenda siku nyingine. Nilitaja Kituluni, nje ya mji wetu, pale ambapo maji ukiyamwaga barabarani yanaonekana yakipanda mlima na gari lisilo na gia linapanda peke yake. Akasema pale hakuna pa kulala, kuna watu wa kusukumana kupiga picha tu. Nikataja Ol Donyo Sabuk, ile Kilimambogo yenyewe, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1967: msitu, nyati, hewa safi. Akaniuliza kama nimesahau McMillan. Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani mwenye mwili mkubwa, alitaka azikwe kileleni mwa mlima ule asibughudhiwe na mtu. Alikufa mwaka 1925, na inasimuliwa kwamba gari lililobeba jeneza lilishindwa na mwinuko, ikabidi azikwe njiani. Leo kaburi lake ni mahali ambapo kila kundi la wageni husimama kupumzika, kula ndizi na kupiga picha. Kama mwenye mlima hakupata upweke akiwa amekufa, sisi wa hema tutaupata wapi?

Muziki nao ulikuwa na ratiba yake. Benga ilifuatwa na rumba ya Kongo, rumba ikafuatwa na vijana wa Nairobi wanaoimba kwa haraka mambo ambayo nashukuru watoto hawakuyaelewa. Saa sita usiku ilipopita wakaweka nyimbo za injili, kwa sababu sasa ilikuwa Jumapili. Ushirika wa kanisa, ambao ulikuwa unaelekea kufunga mkesha, ulizisikia, ukadhani Noah imeokoka, ukaja kuitikia. Kwa muda kulikuwa na makofi. Mzee wa Kijerumani alichungulia dirishani mwa lori, akanitafuta kwa macho, nami nikazima tochi.

Alfajiri, kabla ndege wa kwanza hajalia, wufa ikakata katikati ya pambio. Taa nayo ikafifia, ikawa nyekundu, ikazimika. Kimya kikatanda kambi nzima, mpaka tukasikia malori ya barabara ya Mombasa yakishika breki.

"Wamekuwa na utu," nikasema.

Mama watoto hakujibu. Alikuwa ameshalala.

Asubuhi nilikuta wao wamelala walivyoangukia, chini ya turubai lao lililoshikiliwa na gari langu. Tulikuwa tumeshabandika chai na viazi vitamu mwenye Noah alipoamka, akaingia garini, akazungusha ufunguo. Gari likatoa sauti ya ulimi: *tk*. Akazungusha tena. *Tk*. Nikamwangalia mama watoto, naye akaniangalia mimi. Watu waliooana hawahitaji kusema kila kitu. Ule utu wa alfajiri ulikuwa ni betri.

Jamaa alishuka. Alitembea mpaka kwa familia ya mpira. Hawakuwa na jampa. Akaenda kwa mume na mke wa nguzo. Wao hawakuwa wakizungumza na mtu, hata wao kwa wao. Ushirika ulimwombea. Akalitazama lori la Wajerumani kwa mbali, akaona pazia limefungwa, akaelewa. Mwishowe akasimama mbele yetu, mnyonge, mikono nyuma, macho kwenye leso.

"Mama," akamwambia mke wangu, "shikamoo. Samahani kuwasumbua. Nimekuwa nikiona haya kuja, ila nimesoma hapo."

Tukageuka kuitazama leso yetu. Usiku kucha, chini ya balbu kali, ilikuwa imewaandikia majirani kwa herufi kubwa: KARIBU MGENI JISIKIE NYUMBANI.

Sasa palitokea kile nilichokuwa nikikisema. Mtu yule yule, mahali pale pale, ila sasa alikuwa na kesho, na kesho yake ilikuwa kwenye buti yetu, imekunjwa vizuri, waya mwekundu na waya mweusi. Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka desibeli zile za serikali. Alimwita mwanangu "bosi mdogo". Alisifu chai ambayo hajaionja. Kijana mwenzake alianza kuokota vifuniko vya chupa mbele ya hema letu bila kuambiwa, na mwingine, sijui nani alimtuma, alikuwa langoni akitoa taulo kwenye bango.

Mimi ningempa jampa papo hapo. Mama watoto akaninyooshea mkono nikae.

"Kwanza," akasema, "zima muziki."

Jamaa akashangaa. "Mama, muziki hauwaki. Hakuna moto kabisa."

"Najua. Zima."

Akaenda kwenye Noah. Tulimwona kupitia kioo akiinama, akishika kitufe cha redio iliyokufa na kukizungusha pole pole kuelekea kushoto, mpaka mwisho. Akaangalia kwetu kuhakikisha ameonekana. Mama watoto akaitikia kwa kichwa.

Ili nilifikishe gari langu boneti kwa boneti na lake, ilibidi kwanza niifungue ile kamba ya kushikilia tu. Nilimwambia. Akasema fungua, mkubwa, haina neno. Nikafungua, turubai likashuka lote juu ya wenzake waliokuwa bado usingizini, na kwa muda chini yake palikuwa na mjadala mkali kuhusu kama ni mvua au ni nyati.

Tukaunganisha: mwekundu kwa chanya, mweusi kwa hasi, cheche moja ya kututisha. Nikawasha langu, nikakanyaga mafuta kidogo. Akazungusha ufunguo. Noah ikajikuna, ikapiga chafya, ikawaka, na moshi mweusi wa eksozi ukaingia kwenye sufuria yetu ya chai bila kupoteza hata kidogo njiani. Kambi nzima ikapiga makofi. Jamaa akanikumbatia, akatuletea bakuli la mbavu zilizobaki, akaomba namba ili wikendi ya Jamhuri tupange hema pamoja. Mama watoto, aliyekesha akiapa mambo ambayo siwezi kuyaandika, akasikika akisema, "Mungu akipenda." Huko Mombasa maneno hayo humaliza mazungumzo, lakini mtoto wa mama wa Kangundo alipiga hesabu nyingine, akaiandika tarehe.

Kisha akataka kuzima gari ili wafungashe.

"Usizime!" tukasema kwa pamoja, mimi na mama watoto.

Kwa sababu betri iliyokufa namna ile, ukiizima mapema, inarudi kulala, na jampa nyingine na Jumapili nyingine hatukuwa nazo. Nikamweleza: iache ingurume angalau nusu saa, na uikanyage kidogo kidogo. Akatii. Noah ikasimama mita chache kutoka kwenye hema letu, buti wazi, ikinguruma kwa idhini yetu, akiikanyaga kwa bidii ya mtu anayetaka kuonyesha adabu. Vikombe vilitetemeka mezani. Mtoto akaziba masikio. Hakuna aliyekohoa.

Pazia la lori likavutwa. Mzee wa Kijerumani akashuka ngazi na mswaki mdomoni, akatembea katikati ya moshi, akaja akasimama mbele ya balozi wake. Aliiangalia Noah. Aliziangalia nyaya, ambazo bado nilikuwa nimezishika mimi. Akautoa mswaki na kuniuliza kelele hii ni ya muda gani.

"Nusu saa," nikamwambia. "Nusu saa tu."

Akatazama saa yake ya mkononi, akavuta kiti chetu kimoja, akakaa kuihesabu.